Shangazi, Wanasema Kiingereza Chako Kilikuwa cha Jikoni

Shangazi,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana nina hasira na siwezi kukaa kusubiri.

Jana nimeletewa karatasi kutoka ofisi ya elimu ya watu wazima. Imepigwa taipu, ina mhuri, na chini pameachwa mstari mtupu wa mimi kutia sahihi. Inasema wanawake wa darasa la barazani "walipotoshwa na mafunzo ya marehemu," na kwamba marehemu huyo "hakuwa na ujuzi wowote wa lugha ya Kiingereza." Marehemu ni wewe. Nikitia sahihi, ubao unarudi, mwalimu anarudi, na wanawake tisa wanafanya mtihani wapewe vyeti vyao. Nisipotia, darasa linafutwa kwenye orodha, kama vile hatukuwahi kukaa pale. Wamenipa mpaka Ijumaa. Leo Jumatano.

Hakuwa na ujuzi wowote! Wowote, Shangazi! Nimelisoma neno hilo mara nne, nikalisoma tena leo asubuhi nikidhani labda jana macho yalikuwa yamechoka.

Basi nimekaa jikoni, Saidi mgongoni, maharage motoni, nakuandikia. Mwandiko ukipinda ni huyu mtoto anarusha miguu.

Ngoja kwanza nikupe habari za nyumbani, usije ukasema nimekuja na ugomvi bila salamu. Arobaini yako tumeisoma, watu walijaa mpaka uani, na ubwabwa haukutosha, kama ulivyokuwa ukisema siku zote kwamba watu wa mtaa huu hawajui kuja wachache. Baraza tumeipaka chokaa, ila upande mmoja tu, ikatuishia. Bi Kidawa ameng'oa lile jino lake la mbele na sasa akisema "Mwanaisha" ni upepo mtupu. Saidi ana meno mawili na yote ananijaribia mimi. Zuhura kila akipita chumbani kwako anagonga, anamwita Bibi. Namwambia Bibi hayupo, amekwenda kwa Mungu. Ananiuliza, "Na kanga zake kaziacha?" Athumani, baba yao, yuko Makurunge shambani, anarudi Alhamisi. Mimi nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha. Nikikaa nasahau nilikaa kwa ajili gani.

Lakini hii karatasi imeniamsha.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka Dar es Salaam, wale Wazungu wako walipofunga mizigo baada ya Uhuru? Ulikuja na sanduku moja la bati na Kiingereza mdomoni, na herufi hata moja hukuijua. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nne, herufi nazijua, Kiingereza sina. Ukasema, "Wewe utakuwa mkono, mimi nitakuwa mdomo." Ndivyo tulivyoanza. Darasa la ofisi lilipokuja mtaani na wanawake wakamaliza kusoma na kuandika Kiswahili, walikufuata wewe, hawakumfuata mtu wa ofisini. Walitaka Kiingereza. Mwanaisha kwa ajili ya kazi yake ya kufagia hospitali, maana kila chupa na kila mlango pale umeandikwa kigeni. Bi Kidawa kwa sababu, nakumbuka, "Wajukuu wananisengenya mbele ya uso wangu, nataka nijue wanasema nini."

Na siku ya kwanza ulitupa kisa cha maua. Sijacheka vile tangu siku ile. Mama wa Kizungu, siku yako ya kwanza kazini, alikwambia "water," akaonyesha maua yaliyokuwa kwenye chombo dirishani. "Water" ulishaambiwa ni maji. Ukachota jagi zima, ukalisimamisha karibu na maua, ukakaa pembeni kwa adabu kama umeandaa chakula cha mgeni. Aliporudi alicheka mpaka akashika ukuta. Ukatuambia, "Nilikasirika! Si kwa kunicheka. Nililikasirikia lile neno. Jana lilikuwa kitu, leo limekuwa kazi ya kufanya, kumwagilia, na halikubadili hata kanga!"

Hiyo ndiyo ilikuwa hasira yako ya miaka yote, na mimi nimeirithi. Kiswahili chetu, ulisema, kina adabu. Mpishi akija unajua ni mtu. Upishi ukija unajua ni ujuzi. Kupika kukija unafunga kanga kiunoni uanze kazi. Kila neno limevaa vazi lake, unalitambua toka mbali. Neno la Kiingereza linakuja na vazi lile lile kazini, harusini na msibani. Huwezi kujua limekuja kufanya nini mpaka utazame limekaa na nani.

Halafu ukachukua ukili, ule utepe mrefu wa miyaa iliyosukwa. Sote tulikuwa nao mikononi, maana nani anakaa barazani alasiri asisuke? Ukaunyanyua wa Bi Kidawa, pima nzima, ukauliza, "Hiki ni nini?" Mmoja akasema mkeka. "Bado." Mwingine akasema kikapu. "Bado." Ukauzungusha ukawa kikapu. Ukaulaza bapa, ukili kwa ukili, ukawa mkeka. Ukaupandisha juu kama mlima ukawa kawa la kufunikia chakula. "Ukili ni huo huo mmoja. Usiuulize jina lake, tazama umeshonwa wapi." Basi "light" tukaijua hivyo. Imetundikwa ukutani, ni taa. Umeambiwa "light the stove," ni kazi, tafuta kibiriti. Umebeba kapu tupu, ni sifa ya kapu, jepesi. Tukakaa mstari mmoja, kila mwanamke kashika neno lake, unatuhamisha: wewe kaa huku, wewe pisha pale. Na kila ukituhamisha neno linageuka, na sisi tunasuka, tunacheka, tunageuka nalo. Bi Kidawa wa miaka sitini, hajapata kuingia shule, alikuwa akikisia kabla yangu.

Huyo ndiye asiye na ujuzi wowote.

Ulipokufa ofisi ilituletea Mwalimu Festo. Nitasema kweli kwa sababu ulinifundisha kusema kweli hata nikiwa nimekasirika: si mtu mbaya. Kijana wa bara, nywele kazichana njia, kalamu mbili mfukoni, baiskeli anaifuta kila akishuka. Anaamkia watu. Lakini siku ya kwanza tu alisimama akatutazama mikono, akasema, "Akina mama, darasa si soko la mikeka. Kuanzia leo mikono mitupu, macho ubaoni. Nani kiongozi hapa?"

Wakanionyesha mimi.

"Rehema, kusanya hizo takataka."

Na mimi, Shangazi, nikakusanya. Hapa ndipo ninapotaka unisamehe, na hapa ndipo napoona ugumu wa kuandika. Nilikusanya mabunda tisa ya ukili. Bi Kidawa hakuliachia la kwake, tukavutana mbele ya watu, mimi na mwanamke aliyekuosha mwili wako. Nikayafungia kwenye kasha lako. Unataka kujua kwa nini? Kwa sababu dakika tano kabla ya hapo alikuwa ameshika daftari langu akasema kwa sauti kubwa, "Huu ni mwandiko wa mwalimu." Basi. Neno moja la kusifiwa, nami ninayeshinda na nepi na masizi, likanilegeza. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Akaanza na orodha. Neno moja, maana moja, andika mara hamsini. "Water" ni maji. "Light" ni taa. Nikamwambia kwa upole, mwalimu, lakini "light" inaweza pia kuwa... Akanikata. "Najua, Rehema. Hiyo ni hatua ya pili. Sasa tuko hatua ya kwanza. Ukiwachanganya sasa hawatajua hata moja." Tulikuwa tumekwishajua! Tulikuwa tumevuka, akaturudisha ng'ambo ili tuvuke tena kwa mtumbwi wake!

Wiki ya pili akaandika sentensi kutoka kitabu chake mwenyewe, "The basket is light," akamwita Bi Kidawa. Bi Kidawa alijua, Shangazi, naapa alijua, nilimwona jicho lake. Akatazama orodha ukutani, akamtazama mwalimu, akasoma taratibu: "Kapu ni taa." Watu wakaangua kicheko. Mwalimu Festo akasema hilo swali lilikuwa la baadaye, limeingia kwa bahati mbaya, akalifuta. Bi Kidawa akakaa akasema, "Basi likiwaka mtaniambia."

Lakini kicheko kile kilikuwa cha mwisho. Baada ya hapo baraza ilipoa. Tisa wakawa saba, wakawa sita. Wanakaa, mikono wameilaza mapajani, macho yanatazama barabarani. Mimi nilidhani ni uchovu. Nilidhani ni wewe, kwamba tunakulilia. Sikuelewa mpaka siku ile ya Jumatatu.

Jumatatu ile walikuja wote tisa, hata waliokwishaacha. Wamejitanda kanga mpaka usoni. Wakavua viatu, wakakaa kimya, wamebanana, vichwa chini. Kila aliyeingia alimpita mwalimu akimpa mkono.

"Pole, mwalimu."

"Pole ya nini?"

"Ya msiba."

"Nani amefariki?"

"Darasa," akasema Mwanaisha chini ya kanga. "Limekufa kwa kukaa kitako."

Mwalimu Festo akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka, akaacha. Akauliza huu ni mchezo gani. Bi Kidawa akafunua uso. Akamwambia vizuri kabisa, kama anavyomwambia mjukuu: "Mwanangu, wewe mgeni, hukuambiwa. Huku kwetu mwanamke haketi alasiri mikono mitupu ila ndani mna maiti. Marehemu Mwanatumu tulimzika, matanga yake tukayaanua siku ya tatu, tukarudi kazini. Wewe umetukalisha matanga mwezi mzima na maiti hutuonyeshi."

Kumbe! Ndilo lililokuwa limewakaa, na mimi mzaliwa wa hapa hapa sikuliona! Tulikuwa tunakaa kama tulivyokaa siku zile tatu ulipokuwa umetoka nyumbani. Mikono hivi. Na funguo za kasha ninazo mimi kiunoni.

Mwalimu Festo alikuwa na nafasi ya kusema, "Samahani mama, sikujua." Maneno matatu tu. Lakini alikuwa ameaibika, na kijana akiaibika mbele ya wanawake anatafuta jiwe la kurusha. Akasema, "Huo ni ushirikina. Ndiyo matunda ya kufundishwa Kiingereza cha jikoni na yaya." Kisha akanigeukia. "Rehema, waambie."

Wote wakanitazama. Saidi alikuwa ananyonya. Nikamtoa, akalia, nikamwacha alie. Nikaingia ndani nikafungua kasha, nikatoka na mabunda yote kifuani, nikaanza kugawa. La Bi Kidawa nikampa kwanza, kwa mikono miwili. Nikamwambia mwalimu, "Ndiyo, jikoni. Alikisikia jikoni miaka kumi na minane, kutoka kwa wenyewe wanaokizungumza. Wewe ulikisikia wapi?"

Akatazama ubao wake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo mno, "Kitabuni." Nikamwonea huruma, wallahi. Lakini huruma haikunifanya nipige magoti. Akafunga ubao kwenye baiskeli kwa kamba, akaondoka nao, unagonga gurudumu njia nzima.

Tangu siku hiyo nafundisha mimi. Hatuna ubao. Naandika kwa mkaa kwenye ule upande wa ukuta tulioupaka chokaa, na sasa hautamaniki. Sijui unachokijua wewe, Shangazi. Nakwama. Juzi waliniuliza "hand," nikasema ni mkono, Mwanaisha akasema daktari kamwambia "hand me" akionyesha kikombe, je alitaka mkono? Tukakaa tukaligeuza, mpaka Bi Kidawa akasema, "Anataka mkono wako ufanye kazi yake. Umpe." Nilitamani kukuita. Kweli nilifungua mdomo kukuita.

Na wewe pia nina hasira nawe, nisikufiche. Yule bwana wa ofisini alipokwambia zamani uje upimwe upewe cheti, ulimjibu nini? "Atanipima nani, aliyejifunza jana?" Tukacheka sote. Hukutaka nikufundishe hata kuandika jina lako, kila siku kesho, kesho. Leo huna karatasi hata moja ya kukutetea, na wao wana hii yenye mhuri. Uliondoka na kila kitu mdomoni. Ungeniachia japo sahihi yako, Shangazi. Japo moja.

Jana alasiri niliwasomea wanawake karatasi yote, sikuruka neno. Nikawaambia vyeti ni vyao, waseme wao. Bi Kidawa akasema, "Mimi cheti nitakitundika wapi, nyumba yenyewe inavuja. Usitie." Wengine wakasema usitie. Mwanaisha hakusema. Alikuwa analia, na kilio chake kilikuwa cha haki. Hospitali wamemwahidi akipata cheti atatoka kwenye ufagio aingie wodini kusaidia wagonjwa. Amengoja miaka miwili. Akasema, "Dada Rehema, mimi Shangazi nilimpenda, lakini yeye amekwishakufa na mimi nafagia." Hakuna aliyemgombeza. Hata mimi sikuweza.

Jana hiyo hiyo nilimpelekea neno Athumani kwa mtu aliyekuwa akienda Makurunge. Akanijibu kwa mdomo wa huyo huyo: omba radhi, tia sahihi, yaishe, marehemu haumii. Yeye mwema, lakini hajui. Kama haumii marehemu, naumia mimi. Zuhura atakuja kuisoma siku moja. Itakuwa imekaa kwenye faili, imepigwa taipu, na chini yake jina la mama yake limekubali kwamba bibi yake alikuwa mjinga. Wao wana vitabu, wana mihuri, wana baiskeli. Wewe ulikuwa na ulimi tu, na huo wanataka niukate mimi kwa mkono wangu, mkono ule ule uliokuwa ukikuandikia!

Sitii, Shangazi.

Mwanaisha nimemwita leo alfajiri wakati anapita kwenda kazini. Nimemwambia aende lile darasa jingine la Mwalimu Festo kule upande wa sokoni, ajiandikishe kwa jina lake, mtihani ataufanya kule. Akae mikono mitupu, aandike maana moja kama anavyotakiwa, achukue cheti chake, aingie wodini. Na asinionee haya. Alinishika mkono asiuachie. Nikamwambia nenda, utachelewa.

Na karatasi yao nimeigeuza nyuma. Upande ule hauna kitu, mweupe. Nimeandika kwa wino, mwandiko wa mwalimu kama alivyosema mwenyewe. Nakuandikia hapa nilivyoandika, usije ukasikia kwa watu:

"Marehemu Mwanatumu binti Shomari hakusoma shule. Kiingereza alikijua kwa kukitumikia miaka kumi na minane. Alitufundisha kwamba neno lao moja huweza kuwa kitu, likawa tendo, likawa sifa, kwa jinsi lilivyokaa na mengine. Mwalimu wenu amekiri kwamba jambo hilo ni la hatua ya pili. Sisi tulianza nalo na tulilielewa. Kosa lililotokea darasani ni langu mimi, niliwanyang'anya wanawake kazi yao nikaifungia, na nimekwishawaomba radhi. Kwa hili la mbele, sitii sahihi. Kwa hili la nyuma, natia."

Nikatia. Rehema binti Juma.

Watatufuta. Najua. Hatutapata chaki wala mtihani, na mwaka ujao pengine tutabaki watano. Pengine nitakuwa peke yangu na Bi Kidawa. Mimi nilitaka kile cheti, Shangazi. Sikukwambia hata ulipokuwa hai. Nilikitaka kwa siri, nikitundike mahali Athumani akiingia akione. Basi.

Ijumaa naipeleka mwenyewe, kwa miguu, kabla ya sala, sitamtuma mtu. Na nakuahidi hili, ulishike huko uliko: maadamu nina pumzi, hakuna mwanamke atakayekaa kwenye baraza yako akaambiwa akili yake isubiri hatua ya pili.

Mungu akupanulie ulipolala, akupe kivuli. Nakuaga, nikikaa zaidi maharage yataungua na mtoto ameanza kulia.

Ni mimi, mkono wako,
Rehema